Kazi Hutangulia Msimu: Namna ya Kuendesha Nyumba ya Shamba na Bustani Yake Mwaka Mzima

Familia nyingi zinazohamia nyumba ndogo ya shamba, au zinazorudi huko kila likizo, huanza na bustani kubwa kuliko nguvu zao na huishia kwenye magugu. Sababu yake si uvivu. Mara nyingi kazi hufanywa katika msimu wake ilhali ilipaswa kufanywa katika msimu uliotangulia: mifereji ya paa husafishwa mvua zikiwa zimeshaanza, kuni hupasuliwa baridi ikiwa imeshaingia, na mbegu hutafutwa asubuhi ya siku ya kupanda. Mwongozo huu unafuata kanuni moja, kwamba kila msimu uwe na kazi yake moja kubwa ya bustani pamoja na kazi moja ya kuuandalia msimu unaofuata, na kwamba kila mtu wa nyumbani, kuanzia bibi na babu hadi mtoto aliyejifunza kutembea juzi, apate sehemu yake humo.

Misimu yenyewe haifanani kila mahali. Karibu na ikweta mwaka hugawanywa na mvua na jua. Mbali nayo hugawanywa na joto na baridi, na mwezi wa Juni ambao kaskazini ni mwanzo wa joto ndio ambao kusini ni mwanzo wa baridi. Kwa hiyo usiifuate kalenda ya kupanda iliyochapishwa kwa ajili ya watu wa mahali pengine. Tafuta kujua mambo mawili tu ya hapo ulipo: mvua za kupandia huanza lini kwa kawaida, na, ikiwa ni sehemu ya baridi kali, sakitu ya mwisho, yaani umande unaoganda kuwa barafu, huanguka lini. Majirani waliolima hapo miaka mingi watakujibu vizuri kuliko kitabu chochote. Ukishayajua hayo, mwaka wako utakuwa na vipindi vinne: maandalizi, ukuaji, mavuno na mapumziko ya udongo. Kwa maoni yangu, kipindi cha kwanza ndicho kinachoamua mengine yote, ingawa ndicho ambacho hakuna mgeni anayekipiga picha.

Maandalizi: maji, udongo na ukubwa wa bustani

Anza na paa. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba huleta lita 1 ya maji, na hesabu hiyo haibadiliki popote duniani. Nyumba yenye upana wa mita 6 na urefu wa mita 8 ina paa lenye eneo la mita 48 za mraba ukilipima kwa kivuli chake ardhini, bila kujali mwinuko wake. Mvua ya milimita 10 italetea nyumba hiyo lita 480, na ukitoa sehemu moja ya tano inayopotea kwa kurukia nje na kukaukia juu ya paa, utabaki na karibu lita 380. Sasa linganisha na mahitaji. Mboga nyingi, jua likiwaka, huhitaji karibu lita 25 kwa wiki kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo bustani ya mita 20 za mraba hunywa lita 500 kwa wiki, na tangi la lita 5,000 lililojaa litaihudumia kwa wiki 10 ikiwa hakuna mtu mwingine anayelitumia. Fanya hesabu hii kabla hujashika jembe, kwa maana ndiyo itakayokuambia bustani iwe na ukubwa gani. Familia inayoanza isizidishe mita hizo 20 katika mwaka wa kwanza. Kipande kidogo kinachopaliliwa na kumwagiliwa hulisha kuliko eneo kubwa lililotelekezwa nusu.

Mifereji ya paa isafishwe majani na viota wakati jua bado linawaka. Maji ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi, ambayo hubeba vumbi na kinyesi cha ndege, yaachwe yamwagike nje kabla bomba halijaelekezwa kwenye tangi. Mdomo wa tangi ufunikwe kwa wavu wenye matundu madogo. Mbu huweza kutoka yai hadi kuruka ndani ya siku 7 hadi 10 katika hali ya joto, na kwa sababu hiyo ndoo, makopo na visahani vya vyungu vya maua vimwagwe mara moja kwa wiki, kazi ambayo mtoto wa miaka sita au saba huifanya kwa bidii akishaonyeshwa viluwiluwi vikicheza ndani ya maji. Maji ya paa yanafaa kwa bustani na kwa kufulia. Ya kunywa yachemshwe au yatibiwe kwanza.

Udongo nao huandaliwa mapema, na njia isiyogharimu ni mboji. Lundika rundo lenye mita 1 kila upande, kwa kuwa rundo dogo kuliko hapo halitunzi joto, ukipishanisha tabaka la vitu vikavu kama majani, mabua na nyasi kavu na tabaka la vitu vibichi kama maganda ya mboga, magugu ambayo hayajatoa mbegu na samadi. Vikavu viwe vingi kuliko vibichi kwa kipimo cha ndoo. Rundo lililopangwa vizuri hupata joto lenyewe ndani ya siku chache, na likipita nyuzijoto 55 za Selsiasi kwa siku kadhaa huua mbegu za magugu na vimelea vingi vya magonjwa. Huhitaji kipimajoto: chomeka fimbo ya chuma hadi katikati, iache kwa dakika kumi, kisha ichomoe na uishike. Ikiwa ni ya moto kiasi cha kukufanya uiachie, kazi inaendelea. Ikiwa ni vuguvugu, geuza rundo ili hewa iingie. Pua nayo ni chombo kizuri, kwa sababu harufu kali inayochoma kama ya mkojo inakuambia uongeze vitu vikavu, na harufu ya kuoza inakuambia kwamba maji yamezidi. Mkononi, mboji inayoiva inapokamuliwa hutoa matone mawili matatu, si mchirizi. Usitie nyama, mafuta, wala kinyesi cha mbwa na paka. Kwenye joto, rundo linalogeuzwa huwa tayari baada ya miezi michache. Kwenye baridi, lililoachwa bila kuguswa linaweza kuchukua mwaka mzima, na ndiyo maana nasema lianzishwe msimu mmoja kabla.

Samadi mbichi isipelekwe moja kwa moja kwenye mboga za majani. Ikiwa huna budi kuitumia bila kuiozesha, ichimbie chini angalau miezi 4 kabla ya kuvuna mazao yanayogusa udongo, maana hubeba vimelea vinavyoweza kumwumiza mlaji, hasa mtoto.

Matuta yawe na upana wa mita 1.2, ili mtu mzima afikie katikati kutoka pande zote mbili bila kuukanyaga udongo, na tuta la watoto liwe na nusu ya upana huo kwa sababu mikono yao ni mifupi. Njia kati ya matuta zipitishe toroli. Chora matuta yote kwenye karatasi na uandike kitakachopandwa kila mahali, ukihakikisha kwamba nyanya, viazi mviringo, bilinganya na pilipili, ambazo ni jamaa moja na huambukizana magonjwa yale yale, hazirudii tuta moja kabla ya miaka 3 kupita. Mimea ya jamii ya kunde, ikiwemo maharage na njegere, huishi na bakteria wa mizizini wanaoinasa naitrojeni ya hewani, kwa hiyo tuta lililotoka kunde linafaa kupokea mboga za majani zinazohitaji rutuba nyingi.

Siku ya kupanda

Siku hii ndiyo ya kuwakusanya watu wote, na ingawa kazi yenyewe ni fupi, inafaa kupewa hadhi ya siku nzima, chakula kikiliwa nje. Wape watoto wadogo mbegu kubwa zinazoshikika: maharage, maboga na alizeti. Mbegu ndogo kama za karoti zichanganywe na mchanga mkavu na zipandwe na mtu mzima, la sivyo zote zitaishia kwenye shimo moja. Kina cha shimo kiwe mara mbili au tatu ya unene wa mbegu. Kosa la kawaida la wanaoanza ni kuzika mno. Mtoto asiye na subira apandiwe figili, ambazo katika hali nzuri huwa tayari kuliwa karibu mwezi mmoja baada ya kupandwa.

Kuhusu tuta la watoto nina msimamo mkali kidogo. Likishagawiwa, ni lao. Mzazi asirudi jioni kunyoosha mistari wala kupandikiza miche mizuri kwa siri penye pengo, kwa sababu mistari iliyopinda huota vilevile kama iliyonyooka, na mtoto anayegundua kwamba kazi yake ilirudiwa na mtu mwingine hataipenda tena. Anayeshindwa kumwagilia akaone miche ikinyauka. Ajifunze hapo, maadamu chakula cha nyumba hakitegemei tuta hilo.

Ukuaji: ziara ya kila siku

Kipindi hiki hakihitaji nguvu nyingi bali macho. Kubalianeni kwamba kila siku, kabla ya jua kuwa kali, watu wawili wataizunguka bustani kwa robo saa, mkubwa mmoja na mdogo mmoja, wakigeuza majani kutazama mayai ya wadudu upande wa chini. Mayai na viwavi vya siku ya kwanza huondolewa kwa vidole. Vya wiki ya pili huhitaji vita. Magugu yang'olewe yangali na majani mawili matatu, katika siku kavu ili yanyauke pale pale. Kabla ya kumwagilia, chomeka kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili: ukikuta unyevu, ahirisha. Mwagilia kwa wingi mara chache badala ya kidogo kidogo kila jioni, kwa kuwa maji ya juujuu huifanya mizizi ibaki juujuu. Matandazo ya nyasi kavu yenye unene wa sentimita 5 hadi 8 yatapunguza maji yanayopotea pamoja na magugu, lakini yasigusane na shina, lisije likaoza.

Kazi za kuuandalia msimu ujao hapa ni mbili badala ya moja. Kwanza, kuni. Mti uliokatwa leo una maji mengi, na ukichomwa hivyo hutoa moshi mwingi na joto kidogo, tena huacha masizi yanayonata kwenye bomba la moshi na yanayoweza kushika moto. Pasua magogo sasa, yapange juu ya vijiti yasiguse ardhi, yafunike juu huku pande zikiwa wazi, na uyaache kwa miezi sita hadi mwaka. Pili, chagua mimea ya mbegu ingali imesimama. Fungia utepe kwenye mmea wenye afya uliozaa vizuri na kuivisha matunda wakati unaoutaka, kisha waambie wote kwamba huo hauliwi. Usipofanya hivyo, mazuri yataingia sufuriani kwanza na mbegu zitatoka kwenye yaliyosalia.

Mavuno na ghala

Hapa ndipo nyumba ya shamba hujaribiwa. Bustani hutoa kila kitu kwa wakati mmoja, na chakula kilicholimwa kwa miezi minne kinaweza kupotea kwa wiki mbili za uzembe. Wagawe watu kwa nguvu zao: wenye nguvu wavune asubuhi, wazee na watoto wakae kivulini wakipukuchua na kuchambua, na mtu mmoja tu awe msimamizi wa ghala mwenye neno la mwisho kuhusu kinachoingia.

Adui mkubwa wa ghala ni unyevu. Nafaka na maharage ya kuhifadhi yanatakiwa yawe na unyevu wa asilimia 13 au chini ya hapo, na kwa kuwa nyumba nyingi hazina kipimo, tumia chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia punje hadi theluthi moja, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyoanikwa ikakauka, funga kizibo na utikise kwa nguvu kwa dakika moja au mbili, kisha uiweke chini kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa na kuacha utando mweupe, punje zina unyevu unaozidi asilimia 15 na zirudi juani siku hiyo hiyo. Chumvi ikishuka yote chini na kioo kikabaki kisafi, punje zimekauka kiasi cha kuwekwa ghalani, ingawa siku moja zaidi ya jua haidhuru. Punje zilizotumika kupimia zisirudishwe kwenye akiba. Nafaka iliyohifadhiwa ikiwa na unyevu huota ukungu, na baadhi ya aina za ukungu hutoa sumukuvu ambayo haiondoki kwa kupikwa. Yenye dalili ya ukungu itupwe, na mifugo wasilishwe.

Nafaka iliyokauka ikitiwa kwenye chombo kisichopitisha hewa na kujazwa hadi mdomoni, fukusi waliomo humaliza oksijeni iliyobaki na kufa wenyewe. Sharti lake ni kutofungua chombo kila siku, kwa hiyo weka pembeni chombo kidogo cha matumizi ya wiki. Vitunguu vitandazwe penye kivuli na upepo kwa wiki mbili hadi tatu mpaka shingo zikauke kabisa. Viazi mviringo vikae gizani na penye ubaridi, kwa kuwa mwanga huvifanya vigeuke kijani na kuongeza sumu ya solanini. Mahali palipogeuka kijani pakatwe kwa kina, na kiazi kilichoenea kijani au chenye ladha chungu kitupwe.

Kuhusu mboga za kwenye chupa, natahadharisha waziwazi. Maharage mabichi, karoti na mboga nyingine zisizo na asidi ya kutosha zisifungwe kwenye chupa kwa kuchemshwa tu ndani ya sufuria ya kawaida. Bakteria wanaotengeneza sumu ya botulizimu huacha vijimbegu vinavyostahimili maji yanayochemka, na mahali pasipo na hewa ndipo vinapostawi. Vinahitaji joto la karibu nyuzi 121, ambalo hupatikana kwenye chombo maalumu cha mvuke wenye shinikizo. Asiye nacho akaushe mboga, azitie siki kwa kufuata kipimo cha kuaminika, au ajihusishe na jamu za matunda.

Mbegu za nyanya hutaka uangalizi wa peke yake. Kamulia nyanya iliyoiva sana ndani ya gilasi pamoja na utomvu wake, funika kwa kitambaa na uiache siku mbili au tatu ichachuke. Juu patatanda ukungu mwembamba wenye harufu isiyopendeza. Hiyo ni dalili njema, kwa sababu ule utelezi unaoizunguka mbegu na kuizuia kuota unayeyuka. Mimina maji, koroga, na uache zitulie: mbegu nzima huzama, mapepe huelea na kumwagwa. Zioshe kwenye chujio na uzikaushe juu ya sahani kivulini, ukizichokoa mara kwa mara zisishikane. Karatasi haifai, kwa maana mbegu huigandia. Kumbuka pia kwamba nyanya ya chotara haizai watoto wanaofanana nayo, na kwamba mahindi huchavushwa kwa upepo na maboga kwa nyuki, hivyo mbegu zake zinaweza kuwa mchanganyiko na jirani. Maharage na nyanya huchavuka zenyewe kwa sehemu kubwa na ndizo zinazomfaa anayeanza.

Mapumziko ya udongo

Udongo unapopumzika usiachwe uchi. Ufunike kwa majani au kwa mimea ya kunde itakayogeuziwa ndani baadaye. Zana zioshwe, zikaushwe na zipakwe mafuta kidogo, na mipini iliyolegea ikazwe. Kama ni wakati wa baridi, bomba la moshi lisafishwe kabla ya moto wa kwanza, na jiko la mkaa lisiachwe kamwe kwenye chumba cha kulala, hata kama mkaa umeshika vizuri na hauonyeshi moshi, kwa kuwa hewa ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi na huua watu wakiwa usingizini.

Huu pia ni wakati wa daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na bustani ni mali. Wakati kila mtu yumo ndani, andikeni pamoja tarehe ya mvua ya kwanza, kilichopandwa kila tuta, kilichovunwa, kilicholiwa kwa furaha na kile ambacho hakuna aliyekigusa mezani. Hilo la mwisho lina uzito kuliko watu wanavyodhani; mboga isiyoliwa na yeyote iondolewe kwenye mchoro wa mwaka ujao hata kama ilistawi vizuri kiasi gani. Mtoto anayejua kuandika apewe kazi ya ukarani.

Wiki chache kabla ya mwezi wa kupanda, toeni mbegu zilizohifadhiwa mzipime. Viringisha mbegu 10 za kila aina ndani ya kitambaa chenye unyevu, weka kwenye sahani iliyofunikwa mahali penye joto, na uzitazame kila siku kwa wiki moja, au wiki mbili kwa zile zinazochelewa kama pilipili. Zikiota 8 au zaidi, panda kama kawaida. Zikiota 5 hadi 7, panda mbegu nyingi zaidi kwa kila shimo na upunguze miche baadaye. Zikiwa chini ya 5, tafuta nyingine wakati ungalipo. Vitunguu viangaliwe kwanza, maana mbegu zake huzeeka upesi na mara nyingi hazifai baada ya mwaka mmoja au miwili, ilhali za nyanya zilizokaa penye ukavu na ubaridi huota hata baada ya minne.